Mwaka Niliokula Mawe

Juzi nilikwenda Dagoretti Corner kununua njahi. Binti yangu Nyokabi amejifungua, na kwetu mwanamke aliyetoka kujifungua hulishwa njahi, yale maharagwe meusi yenye kijistari cheupe, asubuhi na jioni mpaka aombe poo. Mwenye kibanda alipokuwa akinipimia, macho yangu yaliangukia vipakiti vilivyopangwa kando ya vitunguu saumu. Ndani yake kulikuwa na odowa, vile vijiwe laini vya udongo ambavyo wanawake wajawazito hutafuna Nairobi nzima. Kabla sijafikiri nilikuwa nimechukua kimoja nimekipeleka puani. Kilinukia mvua ya kwanza inapoangukia vumbi, na mate yakanijaa mdomoni, mimi mwanamke mzima mwenye mjukuu na miwani ya kusomea. Mwenye kibanda, msichana mwenye kucha ndefu za rangi ya zambarau, akacheka. "Mathe, hiyo ni ya msichana wako ama ni yako?" Nikamwambia ilikuwa yangu, kabla mama yake hajajua kutembea. Hapo niliongeza chumvi kidogo, lakini ndivyo nilivyojisikia. Nikakirudisha kipakiti mahali pake, nikachukua njahi zangu na machungwa, nikaenda zangu.

Jioni hiyohiyo Nekesa akanipigia simu kutoka Kitale. Anakuja Jumamosi kumwona mtoto. Nekesa ndiye niliyekaa naye chumba kimoja nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, na ukimtoa mume wangu, ndiye mtu pekee aliye hai anayejua kwa nini siwezi kupita karibu na odowa bila kusimama. Baada ya simu nilikaa jikoni nikicheka peke yangu, mpaka mume wangu akachungulia mlangoni kuona kama kuna mgeni. Ni ajabu kidogo, maana mwaka ule ningeweza kufa. Lakini nikiukumbuka, kinachonijia kwanza si hofu. Kinachonijia ni chai.

Chumba chetu kilikuwa Muthangari, nyuma ya nyumba kubwa ya Mama Gathoni, mjane aliyeongoza chama cha akina mama kanisani na aliyeongoza pia, bila kuchaguliwa na mtu, maisha ya wapangaji wake wote. Kilikuwa na vitanda viwili, pazia katikati nililoshona kwa masalio ya dukani, na jiko la mafuta ya taa lililotoa moshi likiwashwa na moshi zaidi likizimwa. Dirisha letu lilitazamana na jiko la Mama Gathoni, katikati ikiwapo kamba ya nguo tu, kwa hiyo yeye alijua tulichopika na sisi tulijua alichosema. Nekesa alikuwa msichana wa Bungoma, mrefu, mcheshi, mpiga taipu katika ofisi ya mawakili mjini. Mimi niliuza vitambaa vya pazia katika duka moja katikati ya jiji. Jioni tulikula ugali na sukuma wiki, nyama ikiwa mwisho wa mwezi, na baada ya ugali tulikunywa chai. Kabla ya ugali pia tulikunywa chai. Mama Gathoni aliamini kwamba mtu asiye na kikombe mkononi ama ni mgonjwa ama ana neno moyoni, na chupa yake ilivuka ua kuja kwetu hata kama hatukuomba: maziwa mengi, majani mengi, imechemka mpaka ikawa na rangi ya matofali. Hadi leo sijanywa chai tamu kama ile, na ndiyo iliyokaribia kunimaliza.

Odowa niliianza kwa mzaha. Dukani tulikuwa na mwenzetu mjamzito, naye siku moja alinigawia kipande, kama mtu anavyogawa peremende. Nilikitafuna ili nimcheke, na badala ya kumcheka nikamwomba kingine. Haukupita muda mrefu nikawa nanunua yangu. Niliiweka kwenye mfuko wa koti, ndani ya mkoba, chini ya mto. Niliyoitamani haikuwa ladha, kwa kuwa ladha haina. Niliutamani ule mlio wake kati ya meno na ule ubaridi wa udongo kwenye ulimi, na nilipoikosa nilikasirika kama mvuta sigara. Nekesa alisema analala chumba kimoja na panya mwenye kitambulisho.

Wakati uleule nilianza kuchoka, na sikuuhusisha uchovu huo na mawe hata kidogo. Ghala la duka lilikuwa juu ya ngazi, na majora ya vitambaa tulikuwa tunayabeba begani. Mwanzo wa mwaka nilipanda ngazi zile nikiimba. Kufikia Pasaka nilikuwa nasimama katikati, najifanya nasoma tangazo la ukutani, moyo ukinipiga masikioni. Nilipoinama na kuinuka dunia ilizunguka. Miguu yangu ilikuwa baridi hata jua likiwaka, pembe za mdomo zilipasuka, na kucha zangu zikawa nyembamba, zimebonyea katikati kama vijiko. Mtu akiyasoma haya leo atauliza kwa nini sikwenda hospitali. Sikwenda kwa sababu kila mtu alinisifia. Nilikuwa nimechumbiwa, harusi ilikuwa Agosti, na weusi wangu ulikuwa umefifia. "Wambui umeng'ara!" wateja waliniambia. "Mapenzi yanakukubali!" Nilijitazama kwenye kioo cha duka nikaona kweli nimekuwa mweupe. Nami nilifurahi. Damu ilikuwa inaniishia mwilini, na mimi nasema asante.

Mchumba wangu aliitwa Mwangi, fundi wa umeme, mtu wa maneno machache aliyekuwa na tabia ya kugusa ukuta kabla ya kujibu swali, kama vile jibu liko ndani ya nyaya. Wasimamizi wetu wa harusi walikuwa mzee mmoja wa kanisa na mkewe, wenye nyumba Spring Valley, na Jumapili moja walitualika chakula cha mchana pamoja na Mama Gathoni. Nakumbuka zulia lililomeza visigino, sahani zenye maua, mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, uliorundikwa kama kichuguu na kuku aliyekatwa vipande vya heshima. Nilikula kidogo. Kisha nikaomba kwenda kunawa, kwa kweli nikitaka kutafuna kipande changu, na nikiwa kwenye korido nikasikia sauti mbili kutoka jikoni, ya Mama Gathoni na ya mke wa mzee.

"Huyo msichana anakula odowa kama ng'ombe inalamba chumvi," Mama Gathoni alikuwa akisema. "Mimi naona na macho yangu kwa dirisha. Na akipanda ngazi kidogo tu anapumua hivi, hah, hah."

"Ngai! Na vile amekuwa mweupe. Mimi nilidhani ni mafuta ameanza kupaka."

"Mafuta gani? Hiyo ni mimba. Mimi nimezaa saba, nani atanidanganya?"

"Na Mwangi anajua?"

"Hiyo ndio sijui. Lakini pastor hawezi kubali shela kwa mtu ako hivyo. Itakuwa ile ya ofisi, siku ya kazi, bila keki."

Waliposema bila keki nilitaka kucheka, kisha nikaelewa, na nikashika ukuta. Kanisani kwetu bibi harusi aliyekuwa mjamzito hakuvaa shela wala hakupita katikati ya viti. Hilo ningeweza kulivumilia. Lakini mimi na Mwangi tulikuwa tumeahidiana kungoja, na tulikuwa tumengoja kwelikweli, kwa taabu, tukikaa pande mbili za meza kama watu wanaofanya mtihani. Kwa hiyo, kama ningekuwa na mimba, mtu mmoja tu duniani, mbali na mimi, angejua kwa hakika kwamba si yake. Sikuogopa kanisa. Nilimpenda Mwangi sana, na niliogopa kumpoteza kwa ajili ya jambo ambalo halikuwepo.

Jioni nilimweleza Nekesa. Hakucheka kama nilivyotarajia. Alinivuta hadi mlangoni kwenye mwanga, akalishusha kope langu la chini kwa kidole, akatazama, kisha akaishika mikono yangu na kuigeuza viganja juu. Mdogo wake wa kiume alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa kuzaliwa nao ambao chembe za damu hujikunja na kuvunjika mapema, na Nekesa alikuwa amekua akimwona mama yake akimfanyia mtoto hivyo kila asubuhi, kama wengine wanavyochungulia hali ya hewa. "Kwa ndani ya jicho inafaa ikuwe nyekundu," aliniambia. "Yako ni nyeupe kama karatasi yangu ya kutaipia. Wewe si mjamzito, wewe umeisha damu." Halafu, kwa kuwa ni Nekesa, hakuweza kuacha hapo. "Lakini kama ni mtoto, tutamwita Odowa. Odowa wa Mwangi. Ama Odowa wa nani, sijui, wewe ndiye unajua." Nikamrushia mto. Tulicheka mpaka Mama Gathoni akafungua dirisha lake, na kuanzia siku hiyo, kila nilipotafuna, Nekesa aliuliza kama Odowa ameshiba.

Mchungaji alitaka kipimo, kama walivyotaka kwa maharusi wote, na Mama Gathoni akajitolea kunisindikiza hadi zahanati akiwa na kitenge chake cha chama na chupa ya chai. Muuguzi alinitoa damu kidoleni na kwenye mkono. Aliporudi alisema mambo mawili. La kwanza, hakuna mimba. La pili, kiwango changu cha damu kilikuwa karibu nusu ya kinachotakiwa, na haelewi nimefikaje pale kwa miguu. Akanipa vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu, akamwita mwingine, maana foleni ilikuwa imefika getini. Labda alisema nivimeze na nini, labda hakusema. Nilivimeza kama tulivyomeza kila kitu nyumbani kwetu. Kila asubuhi Mama Gathoni aligonga dirisha, akanipitishia kikombe, akasimama kuhakikisha kidonge kimeshuka na chai imekwisha. Jioni vilevile. Alinipikia mboga za kienyeji, managu na terere, akanisimamia nikila, kisha akanimiminia chai ya kuteremshia. Kama kupona kungetegemea bidii ya mtu mwingine, ningepona kwa wiki moja.

Sikupona. Mwezi ulipita, mwingine ukaingia, na mimi bado nilikuwa nasoma lile tangazo la ukutani katikati ya ngazi. Odowa ilizidi. Hapo ndipo maneno yalipoanza upya, maana watu walipokea majibu ya kipimo kama walivyopokea habari za serikali, bila kuyaamini. Kipimo kilifanywa mapema mno, walisema. Mawe hayafichi kitu, walisema. Jumamosi moja nikarudi kutoka kazini nikakuta sufuria ya njahi juu ya jiko letu. "Mama Gathoni, hii njahi ni ya nani?" nikauliza kupitia dirishani. "Ni yako, mami," akajibu kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele. "Wewe kula tu. Mimi sijasema kitu." Nilikasirika hadi nikalia, kisha nikaila yote, kwa sababu ilikuwa imekaangwa kwa kitunguu na ilikuwa tamu.

Mwangi alikuja Jumapili iliyofuata. Alikaa juu ya dumu la maji nje ya mlango wetu, na Nekesa akachukua nguo zilizokuwa zimekauka, akaanza kuzianika tena. Mwangi aligusa ukuta mara kadhaa.

"Wambui, hiyo mawe ni ya nini?"

"Ni ya kula."

"Watu wanaongea."

"Wanasema nini?"

"Vile watu husema."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi najua kuhesabu," akasema, "na hesabu yangu ni sufuri."

"Basi hesabu tena," nikamwambia, "na ukimaliza uende kwenu." Akaenda. Nilimtazama akifungua lile geti la mabati na kulifunga taratibu lisigonge, kwa kuwa hata akiwa ameumia Mwangi alikuwa mtu wa kufunga geti vizuri. Siku hizo zilizofuata ndizo pekee za mwaka ule ninazozikumbuka bila kutabasamu. Hakuja, wala hakupiga simu dukani. Niliuza pazia za vyumba vya maharusi wengine, na kila nilipokata kitambaa cheupe mkasi ulikwenda upande, sijui ni kwa huzuni au kwa ukosefu wa damu. Nadhani ni vyote viwili.

Ni Nekesa aliyenipeleka hospitali kubwa. Aliomba ruhusa ofisini, akaniamsha, akanivisha koti kama mtoto, na Mama Gathoni akatufuata bila kualikwa. Tulipofika kwenye geti la hospitali Mwangi alikuwa amesimama pale na sanduku lake la vifaa. Nekesa alikuwa amemwambia. Nilijua hivyo kwa jinsi Nekesa alivyokazana kutazama ndege juu. Mwangi alinijia, na safari hii hakuwa na ukuta wa kugusa. "Usipime kwa sababu yangu," akasema. "Mimi nimehesabu tena. Ukisema hakuna kitu, hakuna kitu. Twende tu tuoane, hata kama ni ile ya ofisi." Nimeambiwa maneno mengi mazuri maishani, lakini bado sijasikia ya kushinda hayo. Nilimwambia napima kwa sababu yangu mwenyewe, kwa kuwa siwezi tena kupanda ngazi. Akanishika mkono mbele ya Mama Gathoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanipandisha ghorofani, tukipumzika kila palipokuwa na dirisha.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ndogo iliyokulazimu kunyamaza ili umsikie. Alianza na odowa. Akasema tamaa ya kula udongo, mawe, hata barafu, mara nyingi ni mwili unaolia kwa kukosa chuma, na kwamba wajawazito huila kwa sababu nao huishiwa, si kwa sababu odowa ni alama ya mimba. Mama Gathoni akakohoa. Kisha daktari akauliza vidonge nameza na nini. Nikasema na chai. "Chai ya aina gani?" Nikamweleza, mpaka rangi ya matofali. Akaweka kalamu chini. Akasema majani ya chai hukikamata kile chuma tumboni kabla hakijaingia kwenye damu, na maziwa nayo husaidia kukizuia, kwa hiyo miezi yote ile nilikuwa nameza dawa kwa mkono mmoja na kuiondoa kwa mwingine.

"Chai yangu?" Mama Gathoni akaruka kwenye kiti. "Daktari, hiyo chai nimelea nayo watoto saba!"

"Ni chai nzuri, mama. Lakini ingoje. Ameze dawa na maji ama chungwa, na hiyo chai ikuje baadaye sana."

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimeshaushika mkoba. Lakini daktari aliuliza damu yenyewe imekwenda wapi, kwa kuwa msichana anayekula managu haishiwi damu hivyo bila sababu, na akawaomba wengine watoke. Akaniuliza siku zangu za mwezi zinakuwaje. Nikamjibu nilivyomjibu kila mtu maisha yangu yote. "Kawaida."

Akaniangalia. "Kawaida ya nani?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo. Akaniomba nisimwambie kawaida, nimwambie ninachofanya. Basi nikamwambia: kwamba navaa vitambaa viwili na sketi nyeusi; kwamba naamka usiku kubadilisha; kwamba siku hizo hazikai chini ya wiki; kwamba Nekesa huniazima leso yake nikikaa kwenye kiti cha mtu. Akauliza kuhusu pua. Nikasema pua ilinitoka damu tangu nikiwa shule ya msingi, na mwalimu alinilaza chali mpaka wenzangu wakazoea. Michubuko? Ndiyo, jora likinigusa tu paja naota doa jeusi. Jino? Nilipong'olewa jino nilitema damu mpaka kesho yake. Na nyumbani kuna mwingine? Nikasema mama yangu ni hivyo, bibi yangu alikuwa hivyo, wanawake wa nyumba yetu ndivyo tulivyo, ni kawaida yetu. Halafu nikamkumbuka mdogo wake mama, Wangari, ambaye kwetu tunamwita tata, aliyekuwa akinisuka nywele akiimba puani. Alijifungua mtoto akiwa mzima, akanywa uji, akasema anajisikia vizuri, na jioni alikuwa amekwenda na damu. Wazee walisema ni mambo ya wanawake, hutokea. Nilipokuwa nikimweleza daktari haya nilisikia sauti yangu ikipanda, na nikalia kwa hasira. Tulikuwa tumemzika tata yangu kwa neno moja, kawaida, na mimi nilikuwa nalitembeza mjini kama salamu.

Vipimo vilichukua muda, nami nikarudi mara kadhaa, Mwangi akiwa kando yangu kila mara. Mwisho daktari alituita sote wawili akatueleza kwa lugha ya jikoni. Mtu akikatwa, alisema, damu yake hushika kama uji unaopoa. Kuna kitu ndani yake kinachofanya kazi ya gundi, na mimi nilizaliwa nacho kidogo, kama mama yangu na bibi yangu, kwa hiyo damu yangu huchelewa kushika. Si laana, si ya kuambukizwa, na haiponi, lakini inadhibitiwa. Kuna dawa ya kumeza siku zile za mwezi. Kuna dawa za maumivu za kuepuka, zile zinazoyeyusha damu, na kila daktari wa meno lazima aambiwe kabla hajashika koleo. Ugonjwa wenyewe una jina refu la Kizungu ambalo Mwangi alilifanyia mazoezi njia nzima kurudi nyumbani.

"Na mtoto?" Mwangi aliuliza, akagusa ukuta wa daktari. "Anaweza kupata mtoto?"

"Anaweza vizuri sana, tukijua mapema. Hatari ni baada ya kujifungua, na hiyo tunaiandalia. Lakini mtoto anaweza kuzaliwa na damu kama ya mama yake. Kujifungua salama si lazima iwe bahati, bwana, mkiwa na watu wanaojua wanangoja nini."

Siku hiyo Mwangi alikuja jioni na maini yaliyofungwa kwenye gazeti, akayaweka mezani bila neno, na Nekesa akayakaanga. Ndiyo msamaha alioujua kuuomba, na mimi niliukubali kwa kitunguu na pilipili. Mama Gathoni naye hakuomba msamaha, kwa kuwa hakuwa na mazoea hayo. Alichofanya ni kusimama Jumapili mbele ya chama chote cha akina mama, mimi nikiwa nimekaa kiti cha nyuma, na kutangaza kwa sauti yake ya kwaya kwamba msichana wake hana mimba, hajawahi kuwa nayo, na kwamba mwanamke yeyote anayekula odowa na si mjamzito aje kwake Jumatatu apelekwe kupimwa damu. Halafu nyuma kabisa mama mmoja mzee akainua mkono, na mwingine, na wa tatu alikuwa mke wa msimamizi wetu kutoka Spring Valley. Kumbe alikuwa na kipakiti ndani ya Biblia yake, kwenye mfuko wa zipu.

Nilijua nimepona siku moja dukani. Nilikuwa ghalani, juu, nimebeba jora, na nikakumbuka kwamba kuna kipande mfukoni. Nikakitia mdomoni, nikakiuma, na kilikuwa udongo tu. Nilikitema kwenye kiganja nikakitazama kama mtu anayeitazama picha ya mpenzi wa zamani na kushangaa aliona nini. Ndipo nikatambua pia kwamba nilikuwa nimepanda ngazi zote bila kusoma tangazo. Agosti nilivaa shela. Keki ilikuwepo. Nekesa alinisimamia akiwa na chungwa ndani ya mkoba, endapo lingehitajika.

Jumamosi alifika, amenenepa, amevaa miwani kama yangu, akiwa na fimbo anayosema ni ya mapambo. Nyokabi anaishi Muthangari siku hizi, kwenye maghorofa yaliyoota mahali palipokuwa na nyumba za akina Mama Gathoni, marehemu, Mungu amlaze pema. Nilikuwa jikoni na njahi. Nikasikia mlango ukifunguliwa, na kabla ya hodi, kabla ya habari za safari, ile sauti ikaingia ndani ya nyumba.

"Odowa ako wapi? Mmenificha yeye miaka hii yote!"

Mwangi alicheka mpaka akakaa. Mtoto ana jina lake zuri la mama mkwe wa Nyokabi, lakini nadhani limeshindwa tayari. Nekesa akamchukua, akamshusha kope kwa ncha ya kidole, akatazama, akaridhika. Nyokabi ana damu kama yangu. Tulijua tangu akiwa mdogo, pua ilipoanza, na alipoingia chumba cha kujifungulia dawa yake ilikuwa mezani kabla yake, na daktari alijua jina lile refu bila mazoezi. Nilikaa nje kwenye benchi siku ile nikimkumbuka tata Wangari, na nilipoitwa kuingia niliogopa kumtazama mwanangu usoni. Alikuwa na midomo myekundu. Alikuwa anaomba chai, na wauguzi walikuwa wanamkatalia mpaka ameze vidonge kwanza.

"Na wewe, mami," Nekesa alimgeukia, mtoto begani. "Damu ilitoka namna gani?"

"Ah, kawaida tu, Auntie."

"Kawaida ya nani?" tukauliza mimi na Nekesa kwa sauti moja, hata mtoto akashtuka.

Nyokabi alitutazama, vikongwe viwili vyenye miwani, akacheka. "Ya kila mtu, Mum," akasema. "Walipima. Mara hii ilikuwa kawaida ya kila mtu."

Nikarudi jikoni kukoroga njahi ambazo hazikuhitaji kukorogwa. Nyuma yangu nilimsikia Nekesa akimwambia mtoto, "Skiza, Odowa, nyanya yako analia," na hakukosea.